Harufu ya Samaki Siku Isiyo na Samaki

Jumatatu ile hakukuwa na samaki. Bahari ilikuwa imechafuka tangu Ijumaa, wavuvi hawakutoka, na kwenye ubao wa hoteli ile ya karibu na Mwembe Tayari kulikuwa kumeandikwa kuku, maharage na mchuzi wa nazi. Lakini mpishi alikuwa akizunguka jikoni tangu asubuhi akinusa ndoo moja baada ya nyingine. "Nani kaacha samaki humu?" Akawagombeza vijana wa kuosha vyombo, akamwaga maji ya moto kwenye sinki, akaisogeza friza na kufagia nyuma yake. Harufu haikuondoka. Mwenye hoteli aliponipigia simu, mimi fundi wa umeme, hata hakuitaja harufu. Alinipigia kwa sababu dari iliyo juu ya mlango wa stoo ilikuwa imefanya duara la kahawia, mfano wa chapati iliyoungua.

Nilipanda ngazi nikaweka kiganja darini. Nikakiondoa upesi. Tulipobandua ubao, paipu nyeupe ya plastiki iliyobeba waya wa oveni ilikuwa imelegea na kupinda kama mshumaa, na nilipouvuta waya kidogo, ganda lake likavunjika vidoleni, kavu kama la njugu. Shaba ndani ilikuwa imepiga weusi. Plastiki ya waya na ya soketi ikipikwa polepole hutoa harufu inayofanana mno na ya samaki. Kwa hoteli inayokaanga changu na nguru siku sita kwa wiki, nani angeitambua? Bahari kuchafuka ndiko kulikotuokoa.

Waya ule niliuvuta mimi, kwa mikono yangu, miezi mitano nyuma.

Oveni yenyewe ilikuwa mtumba kutoka Marekani. Iliteremka Kilindini ndani ya kontena pamoja na viti na masufuria, na mzee mwenye hoteli akaipata kwa bei aliyoisifia wiki nzima. Nyuma ilikuwa na kibati: volti 240, fezi moja, hezi 60, kilowati 11. Hesabu yake si ngumu. Gawanya wati 11,000 kwa volti 240, utapata ampea 46 hivi, ndio umeme inaouvuta. Ndani ya mlango kulikuwa na kijitabu kilichosema ifungwe breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ya 60 na waya wa shaba nambari 6. Nilikuwa mwaka wa nne katika kazi na kichwa kilikuwa juu. Nikaenda dukani, nikaitisha waya wa 6, nikachukua na breka ya 63 kwa kuwa ya 60 haikuwepo, nikafunga. Oveni ikawaka, kuku wakaiva, nikalipwa.

Kosa lilikuwa katika neno moja, nambari. Sisi tunaposema waya wa 6 tunamaanisha milimita 6 za mraba, yaani ukubwa wa shaba ukiikata na kuitazama usoni. Wamarekani wana ngazi yao wenyewe, nayo inakwenda kinyumenyume: nambari ikipungua, waya hunenepa. Nambari 12 yao ni kama milimita 3.3 zetu. Nambari 8 ni 8.4. Nambari 6, ile niliyoiona mimi nikadhani naijua, ni milimita 13.3. Kwa hiyo kijitabu kilitaka waya mnene mara mbili na zaidi ya ule niliotia. Na kilichoniponza hasa ni ile nambari 8 kukaribiana na 8 yetu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefunga mashine nyingine ya Kimarekani iliyotaka nambari 8. Waya wa milimita 8 hauuzwi kwetu, nikatia wa 10, na mashine ikakaa salama salimini. Basi nikajiona nimeshafahamu lugha yao.

Ukitazama jedwali la kanuni za Uingereza, BS 7671, ambazo ndizo tulizofundishwa nazo, waya wa 6 wenye ganda la kawaida la PVC, ukiwa ndani ya paipu ukutani kwa fezi moja, unabeba ampea 41. Mimi niliubebesha 46. Na hiyo 41 ina sharti lake ambalo wakati ule nililisoma kama mtu anayesoma maelezo ya dawa, kwa jicho moja: hewa inayouzunguka waya iwe nyuzi 30. Darini mwa jiko, Mombasa, mwezi wa pili, wakati wa kaskazi! Ukiwa na nyuzi 40 unatakiwa uzidishe kwa 0.87, na 41 inageuka kuwa 36 hivi. Joto la waya nalo haliongezeki sawasawa na mkondo, huongezeka kwa mraba wake. Ampea 46 kwenye waya wenye uwezo wa ampea 36 ni joto mara 1.6 ya lile unaloliweza.

Watu huniuliza, sasa breka ilikuwa wapi? Breka ilikuwa palepale, nzima, ikifanya kazi yake. Breka ya 63 haitakiwi kuruka kwa ampea 63. Kwa viwango vyake haipaswi kuruka hata ikipita mara 1.13, ambayo ni ampea 71, na inapewa muda wa saa nzima kujifikiria ikifika mara 1.45, ambayo ni 91. Oveni ilikuwa ikivuta 46. Kwa breka hiyo, hakukuwa na jambo. Iliulinda waya ambao haukuwepo.

Mzee alisimama chini ya ngazi, mikono nyuma, akatazama juu muda mrefu. Kisha akasema, "Kijana, mimi nilikulipa uniunganishie oveni moja. Sasa naona ninazo mbili, ya pili iko darini." Vijana wa jikoni wakacheka, na mimi nikacheka nao, ila magoti yalikuwa yananitetema. Juu ya dari ile kulikuwa na ghorofa ya watu wanaolala.

Nilinunua waya wa 16 kwa pesa zangu. Jedwali linaupa ampea 76. Sikuupitisha tena darini, niliutoa ukafuata ukuta wa korido ambako kuna upepo, nikauhesabia nyuzi 40, ikanipa 66. Breka ya 63 ikabaki ileile. Feni ya oveni, kwa kuwa iliundwa kwa hezi 60 na yetu ni 50, iliendelea kuzunguka kivivu na kupata moto mpaka mota yake ikafa mwaka uliofuata, lakini hiyo haikuwa dhambi yangu. Kipande cha waya ule wa 6, kirefu kama kidole, ninacho hadi leo ndani ya sanduku la vifaa, chini ya bisibisi.

Tangu hapo kuna swali ambalo likiulizwa kwanza nahisi mwili kunisisimka: "Fundi, nifunge breka ya ngapi?" Breka ndiyo ya mwisho kuchaguliwa. Kwanza ujue kifaa kinavuta kiasi gani, kisha waya utapita wapi na huko kukoje, ndipo uchague waya, ndipo breka ikae katikati: isiwe ndogo kuliko mzigo, wala isiwe kubwa kuliko uwezo wa waya baada ya kukatwa kwa ajili ya joto. Ukianzia kwenye breka unafanana na mtu anayenunua kufuli kabla ya kujua mlango uko wapi. Wenye hoteli wengi hawataki kusikia hayo, na siwalaumu sana. Breka inaonekana, unaigusa, bei yake inajulikana. Waya umejificha ndani ya ukuta, na waya mnene ni pesa.

Jambo la joto nililichukulia kwa hasira kidogo, nikanunua kipimajoto. Nimekwenda nacho kwenye majiko mengi ya mji huu, kuanzia Kizingo mpaka Bombolulu. Stoo zenye dirisha hukaa nyuzi 33 au 34 mchana wa kaskazi. Nyuma ya friza, pale inapopumulia, 40. Ndani ya dari juu ya karai za chipsi nimeshapata 49, na mara moja 52, kwenye jiko ambalo feni ya kuvuta moshi ilikuwa imeziba mafuta. Kwa nyuzi 50 waya wetu wa PVC unabaki na asilimia 71 ya nguvu zake. Kwa nyuzi 60 ni nusu. Waya wa 2.5 ambao kila mtu anaujua kwa ampea 24 unabaki na 17 kwenye dari ya nyuzi 50, na nyuma yake utakuta breka ya 20 imekaa kwa raha zake, na fundi aliyeifunga atakuapia kwamba 20 kwa 2.5 ndiyo kawaida. Kawaida ya wapi? Ya nyumba ya kulala, labda.

Breka nazo zinalihisi joto hilo. Zimepimwa zikiwa kwenye nyuzi 30, na sanduku lake likitundikwa mkabala wa karai la mafuta huanza kuruka kabla ya kufika namba iliyoandikwa usoni. Nilishaitwa mara mbili kubadilisha breka "mbovu" ambazo hazikuwa na ubovu wowote. Nilihamisha sanduku kwenda korido na ugonjwa ukaisha. Ndiyo maana sikidharau kile kipengele cha Wamarekani kinachosema mzigo unaowaka saa tatu mfululizo au zaidi uhesabiwe na robo juu yake. Katika jedwali letu hakimo kwa sura hiyo, lakini karai la chipsi la Mombasa linawashwa saa tano asubuhi na kuzimwa saa tano usiku.

Kuhusu karai hizo za umeme nina jambo jingine la kusema, kwa kuwa ndizo nyingi zaidi mjini na ndizo zinazoyeyusha soketi nyingi zaidi. Zile ndogo za meza huandikwa kilowati 3, na watu huzichomeka kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa kuwa 3,000 ukigawa kwa 240 unapata 12.5. Hesabu imekaa sawa, si ndiyo? Tazama tena kibati. Nyingi zimeandikwa volti 220. Maana yake ni kwamba zinatoa kilowati 3 zikipewa volti 220, nasi tunazipa 240. Koili haisomi kibati. Upinzani wake ni uleule, kiasi cha omu 16, kwa hiyo kwa volti 240 inavuta ampea karibu 15 na kutoa zaidi ya kilowati 3.5. Mafuta yanachemka upesi, mwenye duka anafurahi, na plagi inakaanga pamoja na viazi. Fyuzi ya 13 ndani ya plagi haikatiki kwa ampea 15. Inapata moto tu, siku baada ya siku, na vishikio vya shaba ndani ya soketi vinalegea, na vikilegea moto unazidi. Wanawake wanaouza chipsi pale Majengo wanajua kwamba soketi "ni ya miezi mitatu", kama vile ni balbu. Karai la namna hiyo mimi silifungi kwa plagi. Nalivutia waya wake wa 4, breka yake ya 20, swichi yake ukutani, na waya unaingia moja kwa moja kwenye mashine.

Na likiwa na vyungu viwili, ni mashine mbili. Usiniambie ni moja kwa sababu ina bodi moja.

Mashine za juisi ya miwa nitazipitia haraka. Hizo shida yake si joto, ni kuwaka. Mota ikianza kuzunguka, au muwa ukikwama kwenye magurudumu, inavuta mkondo mara kadhaa ya kawaida kwa nukta chache, na breka ya aina B, ambayo hukata papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, itaruka kila asubuhi. Ya aina C husubiri mara 5 hadi 10. Kijana mmoja wa Makadara alikuwa amepandishiwa breka kutoka 16 hadi 40 kwa waya uleule wa 2.5 ili mashine iwake. Nikamrudishia 16, ya aina C. Inawaka mpaka leo.

Kilichonifundisha zaidi kuliko jedwali lolote ni Ramadhani. Vitabu vinakuruhusu kupunguza hesabu ya waya mkubwa wa kuingilia, kwa kuwa si vifaa vyote huwaka kwa pamoja, na kwa miezi kumi na mmoja ni kweli. Oveni ikiwaka, birika la chai limepoa. Karai likipumzika, mashine ya kukandia unga inafanya kazi. Lakini njoo saa kumi alasiri, mwezi wa Ramadhani, kwenye duka la futari. Sambusa ziko kwenye mafuta, kaimati ziko kwenye mafuta, viazi karai viko kwenye mafuta, mkate wa sinia uko ndani ya oveni, birika la lita 30 linachemka, friza ya juisi inafunguliwa kila dakika, feni zote zinavuma, na wateja wamepanga foleni mpaka barabarani. Hakuna kifaa kilichopumzika. Ukitaka kujua mzigo wa kweli wa jiko la mji huu, nenda na ile mita ya kubana waya saa hiyo, si saa nne asubuhi ya mwezi wa kawaida.

Bi mkubwa mmoja wa Majengo aliniita siku ya tatu ya mfungo. Breka kubwa ya kuingilia, 63 ya fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazogawana mzigo, ilikuwa ikiruka kila siku saa kumi na moja kasoro, na duka lote linazima watu wamesimama na vyombo mkononi.

"Mwanangu, nitilie ya mia, niepushe na aibu hii."

"Bi, nipe nafasi nipime kwanza."

"Kupima nini? Imeruka, umeiona. Ndogo."

"Nipe robo saa."

Akanipa, kwa sauti ya mtu anayehesabu kila dakika. Fezi ya kwanza ilikuwa na ampea 78. Ya pili 31. Ya tatu 22. Kila kifaa kilichonunuliwa katika miaka sita kilikuwa kimetundikwa kwenye fezi moja, ile iliyo karibu na mlango wa sanduku, pale mkono unapofika kwa urahisi. Breka ya mia ingenyamaza, naam, na waya wa kuingilia ungeanza kunukia samaki. Nilizima umeme baada ya futari watu walipokwenda tarawehe, nikahamisha vifaa vitatu. Kesho yake saa kumi na moja mita ilisoma 47, 43 na 41. Hakununua breka wala waya. Hilo, ninavyodhani, lilimuudhi kidogo, kwa sababu alikuwa ameshatenga pesa na sasa fundi anadai ujira wa kuhamisha nyaya tatu. Alinilipa, na akaniongezea kaimati.

Mwaka wa 2020 nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Mwezi wa Mei Mji wa Kale ulifungwa kwa ajili ya korona, na vibanda vyote vya chakula humo vikafunga milango. Vilipofunguliwa, simu yangu haikunyamaza. Kila mahali kisa ni kimoja: ukiwasha oveni au karai, kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, RCD, kinaruka papo hapo. Mafundi wengine walikuwa wakikikwepa, wanaunganisha nyaya bila kukipitia, kazi iendelee. Koili za mashine hizi zina unga mweupe ndani, wa magnesia, unaotenga waya wa moto na bomba la chuma la nje, na unga huo hunywa unyevu. Zikiwaka kila siku hukauka zenyewe. Ukiziacha wiki nyingi zimelala kwa unyevu wa bahari yetu, zinakuwa kama chumvi iliyoachwa wazi, na umeme unavuja kidogokidogo kwenda kwenye bodi. Miliampea 30 tu zinatosha kuirusha RCD, na hizo 30 ndizo mpaka uliowekwa kwa ajili ya uhai wa mtu. Nilikuwa nafungua koili, nazipima kwa mita ya megaomu, inayoonyesha kama umeme unavuja, zilizolowa nazikausha kwa moto mdogo ndani ya oveni ya gesi mpaka usomaji upande, kisha narudisha. Nyingi zilipona. Wale waliokwepa RCD walimaliza kazi mapema kuliko mimi, na sipendi kuwaza jiko lenye sakafu ya maji na mpishi wa kandambili.

Kuna na unadhifu unaodanganya. Niliwahi kukuta jiko la hoteli kubwa kidogo, upande wa Nyali, paipu moja iliyonyooka kama rula, safi, imepakwa rangi. Ndani yake mlikuwa na saketi tano za waya wa 2.5, zote zikibeba mzigo. Nyaya zikilala pamoja hupashana joto, kama watoto kitanda kimoja. Kwa saketi tano unazidisha kwa 0.60. Chukua 24, zidisha kwa 0.60, kisha kwa 0.87 ya nyuzi 40: ampea 12 na nusu. Breka zilikuwa za 20. Aliyeifunga alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, hilo nakiri, paipu zangu hazijawahi kunyooka vile.

Waya wenyewe siku hizi siuamini kwa maandishi tu. Waya halali wa 2.5 una nyuzi 7 za shaba, kila moja unene wa milimita 0.67. Wa 4 una 7 za 0.85, wa 6 una 7 za 1.04. Nina kipimo kidogo cha kubana, napima unyuzi mmoja palepale kaunta, muuzaji akinikunjia uso na anikunjie. Kisha nakwangua. Ikitoka rangi ya fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na majedwali yote niliyoyataja hapa hayaihusu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema bado kwa hesabu ya zamani, 7/029, nyuzi saba za inchi 0.029, na akiudaka waya kwa vidole viwili alikuwa anaujua bila kipimo. Mimi sijafika huko.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye jiko jipya la mikate, mimi na kijana ninayemfunza. Oveni ni mpya, ya fezi tatu. Akaniuliza lile swali langu, breka ya ngapi, nami nikanyamaza. Akaelewa. Akaingia nyuma ya oveni na tochi ya simu, akasoma kibati kwa sauti: volti 400, kilowati 18.6. Akakaa juu ya gunia la unga, akatoa kalamu ya risasi, akaandika kwenye katoni. Alikumbuka mwenyewe kwamba 400 si 415 yetu ya fezi tatu, akapandisha kidogo, akapata ampea 28. Breka ya 32. Akafungua jedwali kwenye simu: waya wa 6, fezi tatu ndani ya paipu, 36. Akaandika 6, akaizungushia duara.

"Itapita wapi?" nikamuuliza.

Akatazama juu. Akachukua kipimajoto kwenye sanduku, akapanda ngazi, akaingiza mkono kwenye tundu la dari, akangoja. Chini wapishi walikuwa wakijaribu jiko la gesi. Aliposhuka alikuwa na jasho mpaka nyusini.

"Arobaini na sita," akasema. "Nihesabie ya hamsini." Akazidisha, akapata 25 na ushei. Akakata ile 6, akaandika 10.